Zimwi Lisilo na Mwili: Ufukara, Jicho na Neno katika The Evil Dead

Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umekuwa ukiitazama sinema ya kutisha kwa jicho la pembeni. Hili si jambo la kushangaza. Hata riwaya pendwa zilizoandikwa kwa lugha yetu wenyewe zilichukua muda mrefu kukubaliwa katika madarasa ya vyuo vikuu, na wapo wahakiki ambao hadi leo huzitaja kwa kuomba radhi. Hoja inayotolewa dhidi ya kazi za aina hii haibadiliki sana: zimetungwa kwa haraka, kwa gharama ndogo na kwa nia ya kuuza, kwa hivyo hazina la kumfikirisha mtu mzima. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuitumia hoja hiyo hiyo kumzuia mwanafunzi mmoja wa uzamili aliyetaka kulinganisha usimulizi wa hofu katika sinema na katika riwaya. Mwanafunzi alitii, akaandika tasnifu juu ya jambo jingine. Makala haya, kwa kiasi fulani, ni jibu lililochelewa.

Kazi tutakayoichunguza ni The Evil Dead, filamu ya Mmarekani Sam Raimi iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Detroit mwezi Oktoba 1981. Tumeichagua kwa sababu inakidhi masharti yote ya dharau iliyotajwa: bajeti ndogo, waigizaji wasiojulikana, damu nyingi na kisa kinachoweza kusimuliwa kwa sentensi tatu. Dai letu ni kwamba ufukara wa filamu hii si kasoro ya kusamehewa, wala si kisa cha ushujaa cha kupigiwa makofi. Ndio uliozaa muundo wake. Kwa kukosa fedha za kuliumba zimwi, mtunzi alilazimika kulipa zimwi chombo pekee alichokuwa nacho, yaani kamera. Na kwa kuwa kamera ndiyo jicho la mtazamaji, mtazamaji akajikuta amewekwa mahali pa zimwi. Hapo ndipo penye nguvu ya filamu hii. Na hapo hapo, kama tutakavyoonyesha, ndipo penye doa lake kubwa.

Kisa na Mandhari

Wanafunzi watano wa chuo kikuu, wanaume wawili na wanawake watatu, wanasafiri hadi katika milima ya Tennessee kupumzika katika kijumba cha mbao walichokodi kwa bei nafuu. Hao ni Ash, mpenzi wake Linda, dadake Cheryl, rafiki yao Scott na Shelly, mpenziwe Scott. Katika ghala lililo chini ya sakafu wanakuta kitabu cha kale na mashine ya kunasia sauti. Sauti iliyonaswa ni ya mwanaakiolojia aliyeishi humo na mkewe, naye anayasoma maneno ya kitabu hicho. Maneno yanaiamsha nguvu iliyolala msituni. Mmoja baada ya mwingine, vijana wanapagawa na kuwageukia wenzao, hadi Ash anapobaki peke yake.

Kijumba cha mbao kina historia ndefu katika mawazo ya Wamarekani. Ni makao ya mlowezi aliyefyeka msitu. Ni mahali alipozaliwa Abraham Lincoln, na kwa hivyo ni ishara ya unyofu wa mtu wa kawaida. Ni mahali alipokwenda Henry David Thoreau kutafuta maisha ya kweli, kama alivyoeleza katika Walden mnamo 1854. Katika mapokeo hayo upweke ni shule, na msitu ni mwalimu. Sinema ya kutisha iliyageuza mapokeo hayo juu chini. Mlowezi aliyedhani ameushinda msitu anagundua kwamba msitu ulikuwa ukimsubiri.

Raimi anaijenga hali hiyo kwa uchache wa kupigiwa mfano. Njiani wasafiri wanapungiwa mkono na wavuvi wawili. Baada ya hapo hatumwoni jirani, mwenye nyumba wala askari. Wanapofika, bembea iliyoko barazani inagonga ukuta kwa mpigo usiobadilika, na inanyamaza ghafla Scott anapoishika funguo iliyo juu ya mlango. Hakuna kilichoonekana, na hakuna fedha iliyotumika. Hata hivyo hadhira imekwisha kuelewa kwamba nyumba hii inasikiliza. Cheryl anapotaka kuondoka usiku ule, daraja walilolivuka mchana limevunjika, vyuma vyake vimepinda. Taharuki yote inayofuata imesimama juu ya daraja hilo, kwa sababu tangu hapo swali la kwenda limefungwa na linabaki swali la kuishi pamoja.

Jicho Linalokimbia

Mazingira ya utengenezaji hayatenganiki na fani ya kazi hii. Raimi, mtayarishaji Robert Tapert na mwigizaji Bruce Campbell walikuwa vijana wa Michigan wenye umri wa miaka ya ishirini tu. Mwaka 1978 walitengeneza filamu fupi, Within the Woods, ili wawe na kitu cha kuwaonyesha watu wenye fedha, miongoni mwao madaktari wa meno na mawakili, wapate kuwachangia. Upigaji picha ulianza karibu na mji wa Morristown, Tennessee, mwishoni mwa 1979, ukaendelea katika baridi ya Januari 1980. Walitumia mkanda mwembamba wa milimita 16, ambao baadaye ulikuzwa ili ufae kumbi za sinema. Damu ilipikwa kwa shira ya mahindi na rangi ya chakula. Gharama yote ilikuwa chini ya dola 400,000.

Ulinganisho mmoja utatusaidia. Mwaka 1980 Stanley Kubrick alitoa The Shining, filamu nyingine juu ya watu waliotengwa katika jengo moja. Kubrick alikuwa na kifaa cha kisasa cha kutuliza kamera, na ndiyo maana jicho la filamu yake linateleza katika korido za hoteli bila mtikisiko. Raimi hakuwa na kifaa hicho. Yeye alifunga kamera katikati ya ubao mrefu, watu wawili wakaushika huku na huku, wakakimbia nao msituni wakiruka magogo na vidimbwi. Picha iliyotokana na mbio hizo inayumba, iko karibu mno na ardhi kuwa ya binadamu na ina kasi mno kuwa ya mnyama tunayemjua. Inapasua matawi. Inazunguka nyumba. Inasimama mbele ya dirisha na kuchungulia.

Tukitumia istilahi za usimulizi, tunaweza kusema kwamba zimwi la filamu hii halisimuliwi, bali ndilo linalosimulia. Noël Carroll, katika kitabu chake cha 1990 juu ya falsafa ya sinema na hadithi za kutisha, anaeleza kwamba dubwana la kazi hizi sharti liwe la hatari na pia liwe najisi, yaani livuruge mipaka ya aina za viumbe. Maelezo hayo yanawafaa waliopagawa. Hayaifai nguvu iliyoko msituni, kwa kuwa nguvu hiyo haina umbo la kuvuruga. Tunachokiona ni kile inachokiona yenyewe. Mtazamaji hana mahali pa kusimama pembeni na kulitazama zimwi kama anavyotazamwa chui aliyefungiwa. Kila linapokimbia, yeye ndiye anayekimbia.

Katika ngano zetu zimwi lina sura. Lina jicho moja au ukia, huzungumza, hudanganya, huoa na hatimaye hudanganywa. Methali husema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na maana yake ni kwamba hata baina ya mtu na zimwi pana ujirani wa namna fulani. Zimwi la Raimi halimjui mtu na halitaki kujulikana. Ufukara uliolinyima mwili uliliondolea pia uwezekano wa kupatana nalo.

Miili ya Kuazima

Ufukara uliathiri pia uigizaji. Kazi ilipozidi muda uliopangwa, waigizaji wengi waliondoka. Mwongozaji akawatumia marafiki kuchukua nafasi zao: mkono wa huyu, mgongo wa yule, mwili mzima uliofunikwa kwa vipodozi vya kutisha. Orodha ya washiriki inawataja watu hao kwa jina la utani lililotokana na Shemp Howard, mchekeshaji wa Three Stooges aliyefariki mwaka 1955 huku filamu zikiwa zimebaki za kukamilisha, nafasi yake ikajazwa na mtu aliyegeuzia kamera kisogo.

Jambo hili hutajwa kama kichekesho cha nyuma ya pazia. Sisi tunaliona kuwa kiini cha maana. Hadithi inatuambia kwamba Linda si Linda tena. Kwamba ndani ya mwili anaoupenda Ash amekaa mwingine. Na katika baadhi ya picha ndivyo ilivyo hasa. Aidha, waliopagawa wanavaa lenzi nzito nyeupe zilizowazibia waigizaji macho wakawa hawaoni. Tofauti inakuwa dhahiri: zimwi la msituni ni jicho lisilo na mwili, nao waliopagawa ni miili isiyo na macho. Baina ya viwili hivyo yupo Ash, mwenye mwili na macho, anayelazimika kuona.

Raimi ameitayarisha mada hiyo mapema. Katika onyesho la upole kuliko yote, Ash anajifanya amelala, akiwa na zawadi ya mkufu mkononi. Linda anamwendea kwa kunyemelea. Kamera inaonyesha macho yao tu, yakifumba na kufumbua, yakikamatana yakiibana. Ni mchezo wa wapenzi. Pia ni mara pekee katika filamu nzima ambapo kutazama ni tendo la watu wawili walioridhiana. Baadaye Linda aliyepagawa atakaa mlangoni akicheka kama mtoto, na Ash atashindwa kumkata kwa msumeno wa injini kwa sababu shingoni mwake ameuona mkufu ule. Anaamua kumzika mzima, na huruma hiyo inakaribia kumwangamiza: Linda anafufuka, na Ash anamkata kichwa kwa beleshi. Mkufu huo huo ndio utakaomsaidia mwishoni kukivuta kitabu na kukitupa motoni. Huu si utunzi wa haraka haraka.

Neno Lililonaswa

Kwa msomi wa fasihi simulizi, sehemu inayodai uangalifu zaidi ni ile ya mashine ya kunasia sauti. Neno lenye nguvu ya kuita pepo linajulikana katika jamii nyingi, na katika uganga wa pwani neno hilo lina masharti. Linatamkwa na mtu aliyekabidhiwa, mahali pake, wakati wake na mbele ya watu wanaojua nini cha kufanya pepo akipanda. Pepo huulizwa jina lake, lugha yake na anachotaka. Aliyepandwa huitwa kiti, na istilahi hiyo yenyewe inatuambia kwamba mwenye kukaa ataondoka akiridhishwa. Kupagawa ni mazungumzo magumu, lakini ni mazungumzo.

Katika kijumba cha Tennessee masharti hayo yote yamevunjwa na mashine. Msemaji hayupo. Hadhira haiielewi lugha. Cheryl anaomba sauti izimwe. Scott anaiendeleza kwa mzaha. Neno linatamkwa pasipo na mtu aliyelitamka kwa nia, na bado linafanya kazi. Isitoshe, ukanda huo huo unayo maelezo ya namna ya kujikinga: mwanaakiolojia anaeleza jinsi mkewe alivyopagawa na kwamba njia pekee aliyoijua ni kuukatakata mwili. Lakini Ash anayasikia maelezo hayo baadaye, daraja likiwa limekwisha kuvunjika. Katika ngano, mzee hutoa mwiko kwanza, kijana anauvunja, adhabu inafuata. Hapa mwiko unafika baada ya kosa. Vijana hawa hawakumdharau mzee. Walikuta sauti yake tu, nayo ilisema mambo kwa mpangilio wa ukanda wala si kwa mpangilio wa haja yao.

Kwa hivyo hatukubaliani na wanaoisoma filamu hii kama onyo kwa vijana wazinzi au wazembe. Hatia yao ni ndogo mno kwa adhabu waliyoipata. Tunachoonyeshwa ni elimu iliyotenganishwa na mwenye kuielewa, ikahifadhiwa vizuri na kuachwa gizani mtu yeyote aibonyeze. Sisi tunaokusanya nyimbo na visa kwa vinasa sauti, kisha tukavirundika makabatini bila maelezo ya nani alisema, lini na kwa ajili gani, hatuna budi kulitazama ghala lile kwa haya kidogo.

Ni vyema pia kukumbuka Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960. Humo mauaji yanahusishwa na mahali panapoogopwa, na hofu ya mizimu inatanda. Kisha Bwana Msa, kwa kiko chake na akili yake, anaonyesha kwamba mkono uliotenda ni wa binadamu. Tzvetan Todorov alipoandika juu ya ufantasia mwaka 1970, alizitofautisha kazi ambazo mwishowe hutoa maelezo ya kiasili na zile zinazoukubali muujiza. Abdulla yuko upande wa kwanza, Raimi upande wa pili. Tofauti yao si ya imani tu. Bwana Msa ana watu wa kuwauliza maswali. Ash hana hata mmoja.

Cheryl na Kosa la Jicho

Hatuwezi kuisifu filamu hii bila kulikabili onyesho lililoitia aibu. Cheryl, akifuata sauti, anatoka usiku peke yake, na matawi ya miti yanamkamata, yanamvua na kumnajisi. Nchini Uingereza filamu hii ilikuwa miongoni mwa kanda za video zilizoandamwa na waendesha mashtaka katika kelele za umma zilizotangulia Sheria ya Kanda za Video ya 1984, na onyesho hilo lilikuwa sehemu ya malalamiko. Raimi mwenyewe alikiri baadaye kwamba lilipita kiasi.

Udhibiti wa dola haukuwa na haja ya kutofautisha, uhakiki unayo. Kasoro ya onyesho hilo si kwamba linaogofya, bali ni kwamba linavunja kanuni ambayo filamu imejiwekea. Kwingineko jicho la zimwi linatazama njia, mlango na uso wa mtu anayekaribiwa, basi. Hapa kamera inaacha kukimbia. Inakaa kando na kuuchunguza mwili wa mwanamke, kipande kwa kipande, kwa raha ambayo hadithi haikuihitaji. Mtazamaji aliyekuwa amewekwa mahali pa zimwi bila hiari, na kwa hivyo akitiwa hofu na nafasi yake, sasa anaalikwa aifurahie. Carol Clover, katika utafiti wake wa 1992, aliwatetea watazamaji wa kiume wa sinema hizi akisema kwamba aghalabu hujinasibisha na msichana anayenusurika. Utetezi huo haufai hapa. Anayenusurika ni Ash. Cheryl hapewi nafasi ya kuwa nafsi ya mtu yeyote.

La kusikitisha ni kwamba hadithi yenyewe ilikuwa na jambo zito la kusema juu ya Cheryl. Ndiye aliyetambua mapema kuliko wote. Mkono wake ulishikwa na nguvu ile ukachora picha ya kitabu kabla hakijapatikana. Ndiye aliyetaka sauti izimwe. Anaporudi ameraruliwa na kusema kwamba miti imemshambulia, wenzake wanatafuta maelezo mengine, na kakaye anamsindikiza hadi darajani kwa shingo upande. Mwanamke aliyetendewa haaminiwi mpaka agezeke kuwa hatari. Ndipo anafungiwa chini ya sakafu kwa minyororo. Hiyo ingeweza kuwa shutuma kali kuliko zote za filamu hii. Jicho liliiharibu, kwa sababu katika dakika zile lilikuwa limekwisha kujiunga na miti. Ufukara hauwezi kulitetea onyesho hilo. Kutokuwa na fedha kunaeleza kwa nini zimwi halina mwili. Hakuelezi kwa nini mwanamke afanywe mwili tu.

Hitimisho

Stephen King aliiona filamu hii huko Cannes mwaka 1982 akaisifu kwa maandishi, na sifa hizo zilisaidia kuifikisha katika kumbi za Marekani mwaka 1983. Tangu hapo kijumba cha msituni kimekuwa desturi, hata The Cabin in the Woods ya mwaka 2012 ikaweza kuifanyia desturi hiyo mzaha kwa kuwaweka mafundi chini ya sakafu wakiendesha kila kitisho kwa mitambo. Fedha ziliongezeka na madubwana yakapata miili. Si lazima hofu iwe iliongezeka.

Tumejaribu kuonyesha kwamba fani ya The Evil Dead imetokana na uhaba uliofikiriwa kwa makini: ubao uliobeba kamera, miili ya kuazima, sauti ya mtu asiyekuwepo. Tumeonyesha pia kwamba nguvu hiyo hiyo iliponyoka mikononi mwa mtunzi pale alipomtazama Cheryl. Picha ya mwisho inayakusanya yote. Kumepambazuka. Ash anatoka nje akidhani amepona. Nyuma ya nyumba jicho linaamka, linapita msituni, linaipasua milango, linamfikia. Anageuka, anapiga yowe, na filamu inakwisha. Hatumwoni aliyemshambulia, kwa maana mtazamaji hajioni.

Kazi inayoweza kumwacha mtazamaji na swali juu ya kutazama kwake mwenyewe haistahili kukataliwa mlangoni kwa sababu ya bei yake. Mwanafunzi atakayekuja na pendekezo la aina hiyo aulizwe kama anacho chombo cha kuichambulia kazi, na kama yuko tayari kuilaumu panapostahili. Akijibu vyema, apewe nafasi.